Wakuu, hivi ni kweli warushaji ndo wanaobeba ubingwa wa besiboli?

mgeni_wa_besi:
Wakuu heshima kwenu. Nimeanza kufuatilia besiboli ya Marekani na kila mchambuzi anasema bila warushaji huchukui kombe. Sasa mi naona mrushaji wa kuanza anapanda mara moja kwa siku tano hivi, anarusha iningi (vipindi, mechi ina tisa) tano sita anatolewa, wakati mpigaji yupo karibu kila siku kwenye mechi 162. Huyo wa mara moja moja anambebaje mwenzake? Naombeni mnieleweshe.

auti27:
Mkuu usihesabu mechi, hesabu auti. Auti ni kumtoa mpigaji au mkimbiaji mmoja; mechi moja kila timu inatafuta auti 27 na kila moja lazima ipate mtu wa kuirusha. Msimu wa kawaida unagawana watu watano wa kuanza pamoja na bulpeni (warushaji wa akiba) ili mikono isichoke, ila Oktoba kwenye mtoano kuna siku za mapumziko kwahiyo yule wa tano hana kazi tena na wale wawili watatu wakali ndo wanakula iningi nyingi. Arizona 2001 walishinda World Series (fainali ya ubingwa) kwa mechi 4, Randy Johnson akaandikiwa ushindi 3 na Curt Schilling 1, basi, hakuna mwingine!! Johnson alianza mechi ya 6 na kesho yake akaingia tena kumalizia ya 7.

soksi_nyeupe:
Hiyo ya mafundi wawili ni njia moja tu. White Sox 2005 hawakuwa na jina kubwa kama Johnson ila walikuwa na wanne wa kuaminika, Buehrle, Garland, García na Contreras, na kwenye fainali ya American League (moja ya ligi mbili, nyingine ni National League) dhidi ya Angels hao wanne walimaliza mechi nzima kila mmoja, mfululizo. Bulpeni series yote ile ilirusha auti mbili tu, na hizo zilikuwa mechi ya kwanza waliyofungwa. Kwa besiboli ya leo sidhani kama tutaiona tena hiyo, kocha anaogopa mpigaji akimwona mrushaji yuleyule mara ya tatu anakuwa keshamsoma.

Oktoba_tu:
Na bulpeni ikiwa mbovu? Nationals 2019 walianza kwa kushinda 19 na kufungwa 31, bulpeni yao takwimu zake zilikuwa mbovu kuliko zote National League, na bado walibeba. Dawa yao ilikuwa kuwachukua startaz (warushaji wa kuanza) na kuwaingiza katikati ya mechi. Mechi ya 7 ya World Series Scherzer, ambaye mechi ya 5 alishindwa kuanza sababu ya shingo, akarusha iningi 5, halafu Corbin ambaye naye ni starta akaingia akarusha 3 bila kuruhusu rani (pointi) hata moja, wapigaji wakapata muda wa kugeuza matokeo. Yani watu wanamkumbuka mpigaji Kendrick na ile homurani yake (kupiga mpira nje ya uwanja) lakini kwangu zile iningi za Corbin ndo kombe lenyewe.

mgeni_wa_besi:
Daah kumbe. Sasa Dodgers 2025 wapo kundi gani hapo?

auti27:
Wale nusu ya msimu startaz wao walikuwa majeruhi, Snell na Glasnow walikosa miezi, wakavuka kwa sababu kikosi kina watu wengi. Ila mechi ya 7 ya World Series na Toronto walirusha Ohtani, Glasnow, Snell na Yamamoto, wote startaz, usiku mmoja! Yamamoto alikuwa karusha mipira 96 jana yake. Iningi ya 11 Toronto wako nyuma rani moja, wana mtu besi ya kwanza na ya tatu, auti moja, mpira wowote wa mbali kidogo unasawazisha, Yamamoto akamrushia Kirk wa Toronto, gongo likavunjika, Betts wa Dodgers akaudaka chini akakanyaga besi ya pili akatupa ya kwanza, auti mbili kwa mpigo. Lakini kumbuka Rojas wa Dodgers alisawazisha kwa homurani iningi ya 9 na mwenzake Will Smith akapiga nyingine ya 11, bila hao wawili Yamamoto hana cha kulinda.