Tupeane uzoefu: Kuzunguka Ulaya peke yako na kupata marafiki njiani

Binti wa Dunga, Kisumu
Wadau, hamjambo? Viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, imetoka! Naenda peke yangu: Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, kisha Italia ndiko nitakaa sana. Nyumbani wanauliza nitaongea na nani huko. Nawajibu marafiki nitawapata hukohuko. Mliotangulia, mliwapataje?

Kwa wanaojiandaa: omba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama hutui huko kwanza. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe inayoweza kulipia matibabu ya angalau yuro 30,000. Alama za vidole nilienda kutolewa Nairobi, kwa hivyo weka na nauli ya basi kwenye bajeti.

Mama Wawili, Nakuru
Hongera mdogo wangu! Mimi marafiki niliwapatia jikoni. Tafuta hosteli yenye jiko la wageni wote, hilo usilegeze. Nikiwa Prague nilitamani chapati, nikanunua unga na mafuta. Kifimbo hakikuwepo, nikaosha chupa tupu ya divai nikasukumia hiyo. Msichana wa Brazil akasimama hapo akitazama, mwishowe akaomba naye asukume moja. Ilitoka na pembe kama ramani, lakini akaila yote na chai. Hadi tunazima moto meza ilikuwa imejaa watu, na kesho yake yeye na mimi tukapanda treni moja hadi Vienna. Watoto wangu wanamjua, tunapigiana simu mpaka leo.

Mwalimu, Kakamega
Dada, usinunue pasi ya treni ya Interrail, hiyo ni ya wakaazi wa Ulaya. Sisi wa huku tunachukua Eurail. Na hata ukiwa nayo, treni za kasi za Italia hudai ulipie kiti kando. Ukipata tiketi ya karatasi ya treni za mikoa huko Italia, igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

Mimi nazipenda hizo za polepole, watu humo huongea. Roma usinunue maji, mabomba ya barabarani yanatoa maji safi ya kunywa, bure.

Jamaa wa Kondele
Niongeze jambo ambalo hatulisemi. Ndani ya Schengen mipakani kwa kawaida hakuna ukaguzi, lakini polisi huingia kwenye treni, na mara nyingine katika behewa zima ni mimi tu nimeombwa pasipoti. Inauma. Siku moja Mreno tuliyekutana hostelini alikataa kurudi kitini hadi waliponirudishia. Huyo namwita ndugu. Pasipoti iwe mwilini, si kwenye begi la juu. Na rafiki mpya mkutane mahali penye watu.

Binti wa Dunga, Kisumu
Asanteni sana. Kaka wa Kondele, pole, na asante kwa kulisema wazi. Mama Wawili, hosteli ya Prague nimeshauliza, jiko lipo. Sasa Vienna hadi Roma nataka treni ya usiku. Mwanamke peke yake atalala kweli?

Mama Wawili, Nakuru
Atalala. Ukikata tiketi ya Nightjet, hiyo treni ya usiku, chagua chumba cha wanawake pekee. Mlango hufungwa kwa ndani. Beba leso ya kujifunika, na unga wa chapati uununue hukohuko Prague.