Kambi za watoto ufukweni: tupige marufuku, tuwaachie wazazi, au tuweke masharti kabla ya mtoto kugusa maji?

Ndugu zangu, kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, matangazo ya kambi za watoto za ufukweni huongezeka, kuanzia Tanga na Bagamoyo hadi Kigamboni: siku kadhaa za michezo, mafunzo ya dini au ya uongozi, na jioni kuogelea. Wapo wanaotaka serikali ipige marufuku mtoto yeyote asiye na mzazi wake kuingia baharini. Wapo pia wanaosema kwamba mzazi akishasaini fomu ya ridhaa, basi jambo limebaki kati yake na mwenye kambi. Mimi napinga rai zote mbili, na naomba nieleze sababu zangu, kisha mnikosoe.

Marufuku tunaijua. Mwaka 2008, siku ya Idi, karibu watoto 20 walikufa katika ukumbi wa disko uliofurika mjini Tabora, na tangu hapo tumezoea kusikia, kila sikukuu inapokaribia, kwamba disko toto limepigwa marufuku. Tangazo la kufunga ni rahisi kulitoa, lakini halimwambii mtu ukumbi wa watoto uwe na milango mingapi, uchukue watoto wangapi na nani awahesabu wanaoingia. Kwa bahari ni vivyo hivyo, tena hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mtoto wa Pwani aliyekatazwa kambini ataingia majini siku nyingine bila mtu wa kumwangalia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kuokoa kwa njia salama. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa katika mavazi ya kujisitiri, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Kambi iliyoandaliwa vizuri ingeweza kuifanya kazi hiyo hiyo.

Lakini iandaliwe kwa kuijua bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita nne. Maji yakipwa, watoto hutembea kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga kuokota makombe. Yanapoanza kujaa, hayaji kwa mbele kama mtoto anavyotarajia, bali hujaza kwanza mkondo ulio kati ya fungu na ufukwe, nyuma ya mgongo wake, naye bado amesimama mahali pakavu. Atakapotaka kurudi, pale alipopita maji yakiwa chini ya goti yatamfika kifuani, tena yanakwenda kwa nguvu. Kila mvuvi analijua hili, ila mwalimu aliyetoka Dodoma na watoto wake hana pa kulijulia asipoambiwa. Likizo ya Juni nayo huangukia msimu wa kusi, ambapo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Ni nani kambini mwenye wajibu wa kulisoma angalizo hilo asubuhi na kubadili ratiba?

Kuna jambo jingine ambalo fomu ya mzazi hailigusi kabisa. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Husimama wima ndani ya maji, kichwa kimelala nyuma, mdomo ukizama na kuibuka, na mtu aliye hatua chache tu anaweza kudhani anacheza. Kwa hiyo mwangalizi anayeshika simu, au anayepiga soga na wenzake chini ya mvinje, hamwangalii mtu. Na mtoto akishatolewa majini, bado wako wanaompindua kichwa chini na kumkamua tumbo, ilhali asiyepumua anahitaji kupuliziwa pumzi mara moja na kubonyezwa kifua. Mafunzo hayo hayahitaji hospitali.

Wanaoamini kwamba mwenye kambi atajisimamia mwenyewe watazame yaliyotokea Lyme Bay, Uingereza, tarehe 22 Machi 1993. Wanafunzi wanane walitoka na mwalimu wao na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo kupiga makasia kwenye mitumbwi midogo kwa safari fupi ya pwani, upepo ukawasukuma bahari kuu, na wanne wakafa. Hawakuwa na fataki za kuomba msaada, na waliobaki nchi kavu walichelewa mno kutoa taarifa ingawa muda wa kurejea ulikuwa umepita. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakufunzi waliowahi kufanya kazi pale walikwishauonya uongozi kwa maandishi kuhusu hali ya usalama. Mwaka 1994 kampuni na mkurugenzi wake walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1995 bunge likatunga sheria ya kuvipa leseni vituo vya namna hiyo. Watoto wale walikuwa na ruhusa ya kushiriki, na ruhusa haikuwapa fataki.

Ninachopendekeza ni kwamba kambi yoyote inayolaza watoto ufukweni isifunguliwe kabla ya kupeleka kwa serikali ya mtaa au kijiji jina la mtu mmoja anayewajibika, orodha ya watoto, saa za maji kujaa na kupwa kwa siku zote za kambi, chombo chenye mafuta kitakachokuwa tayari, na gari la kukimbilia hospitali. Wavuvi wawili wa kijiji hicho walipwe kusimama majini wakati wa kuogelea, na watoto wahesabiwe kabla ya kuingia, wakiwa ndani na wakitoka. Kuhusu usiku sina mengi: mtu mzima asilale peke yake na watoto, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ibandikwe mahali wanapoiona.

Nimesikia hoja kwamba madrasa na makanisa madogo hayatamudu. Sehemu kubwa ya masharti haya ni kazi ya daftari na kamba. Asiyemudu chombo awaweke watoto kwenye maji ya magoti, ndani ya kamba, wala hakuna atakayemlaumu. Hoja inayonipa taabu zaidi ni ile ya kwamba kibali kitageuka mlango wa rushwa, mtendaji agonge muhuri bila kufika ufukweni. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu nataka mpango huo ubandikwe hadharani, mzazi aupate kabla ya kulipa, na mkufunzi anayetoa taarifa ya hatari asifukuzwe kazi.

Bado sijaridhika kuhusu nani awe na mamlaka ya kuifunga kambi siku hiyo hiyo bahari inapochafuka. Mtendaji wa kijiji yuko karibu lakini huenda haijui bahari. Viongozi wa wavuvi wanaijua lakini hawana nguvu ya kisheria juu ya kambi. Mimi naelekea kwa wavuvi, wapewe nguvu hiyo kwa sheria ndogo ya halmashauri. Anayeona vingine, hasa aliyewahi kusimamia kambi au kuvua katika maeneo hayo, tafadhali aeleze.