Mwanangu akisikia singeli anapagawa, saa tano usiku bado yuko macho. Ni muziki au ni utundu?

MamaWawili:
Habari zenu wakuu. Niko Mbagala, nina watoto wawili, wa kike ana miaka 6 na huyu wa kiume ana 3 na miezi kadhaa. Tumepanga, na chumba tunachopakana nacho kuna kijana ana sabufa, akirudi kazini saa moja jioni anafungulia singeli mpaka bati linatetemeka. Sasa huyu wangu wa kiume biti ikianza tu kwisha habari, anaacha chakula, anapanda kochi anaruka, anarusha mito, dadake akijaribu kumshika anamng'ata, juzi kamng'ata mkono mpaka alama za meno zikabaki asubuhi. Kumlaza ni vita, saa tano jicho kavu. Cha ajabu tukienda kwa bibi yake Bagamoyo, kule jioni unasikia kaswida za watoto wa madrasa tu, analala saa mbili bila hata kuambiwa. Baba yao anasema nasingizia muziki, mtoto ni mtundu tu. Naombeni mnisaidie, nimechoka kweli.

TichaWaAwali:
Pole sana dada. Mi nafundisha darasa la awali mwaka wa tisa huu na nakwambia muziki unawaendesha watoto kuliko fimbo. Singeli inakimbia mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, mtoto wa miaka 3 mwili unaufuata ule mdundo wenyewe, breki za kujizuia bado hana, ndo maana hata kung'ata kunakuja hapohapo, sio kwamba ana roho mbaya. Ila usikosee kama nilivyokosea mimi mwanzoni. Watoto wakitoka mapumziko wamechemka nilikuwa naanzisha wimbo wa taratibu, hakuna hata mmoja anayenifuata. Siku hizi naanza palepale walipo, makofi kwa nguvu, miguu chini, kisha kila tukirudia napunguza spidi na sauti kidogo, mpaka mwisho tunanong'ona na ukiangalia wote washakaa kwenye mkeka. Na wewe fanya hivyo, singeli ikianza cheza naye nyimbo mbili tatu atoe jasho, muogeshe, zima taa, halafu umuimbie wewe mwenyewe, sio simu.

BabaNasra:
Mi singeli sitaki ilaumiwe. Binti yangu anaicheza mchana uwanjani na wenzake, akirudi anakula anasinzia. Tatizo hapo ni saa na ile besi inayogonga ukuta, hata mtu mzima halali. Nenda kaongee na huyo kijana, tena nenda kwa upole na mtoto umembeba aone, wengi hawajui tu kama upande wa pili kuna mtoto. Akigoma ndo umuone mwenye nyumba.

Mjukuu_wa_Tanga:
Naongezea kwa TichaWaAwali. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal kule Kanada walichukua watoto wa miezi 6 mpaka 9, wazazi wao wamekaa nyuma yao kimya, wakawasikilizisha wimbo wa Kituruki ambao hawaelewi hata neno. Walitulia kama dakika 9 kabla ya kuanza kununa, ila wakisikilizishwa maneno ya kusemeshwa tu ilikuwa dakika 4 hivi. Kwahiyo bibi zetu walikuwa wanajua wanachofanya. Ila usije ukahangaika kutafuta muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, sijui wa kumpa mtoto akili, ule utafiti wa 1993 uliofanya watu wanunue makanda walipimwa wanafunzi wa chuo, na matokeo yenyewe yalikaa dakika 10 mpaka 15 yakaisha. Sauti yako hata kama unaimba vibaya inatosha dada.

MamaWawili:
Jamani asanteni, nimerudi na majibu, leo siku ya tano. Nilienda kwa yule kijana na mtoto mgongoni, kasikitika kweli, akasema hakujua, sasa hivi ikifika saa mbili anashusha besi. Siku ya kwanza nilicheza naye singeli mpaka mimi ndo nikaishiwa pumzi, nikamuogesha, nikaanza kuimba, wapi, akawa ananiziba mdomo anataka ya jirani. Siku ya pili hivyohivyo, nusura nikate tamaa. Ya tatu nimeimba ule wa mama yangu wa Kizaramo, akaweka kiganja shingoni kwangu hapa kwenye koo, nadhani alikuwa anasikia inavyotetemeka, akatulia na kile kiganja kikawa kinateleza taratibu mpaka kikaanguka. Saa mbili na nusu!! Baba yao alikuja kuchungulia akidhani anaumwa.

Mchana bado ni mtundu sikatai, lakini kung'ata hajang'ata tena. Na jana nimemkuta kamlaza mwanasesere wa dadake kwenye kanga anamuimbia, maneno yote kayageuza, na dadake amekaa pembeni anamuitikia.