Mnatuuzia piritoni za mafua ya aleji, mbona hamsemi zinaweza kuua hamu ya tendo la ndoa?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Niko Dodoma, na anayeishi huku analijua vumbi la kiangazi. Pua inawasha, macho yanachuruzika, chafya mfululizo. Ukifika duka la dawa, hujamaliza hata kujieleza, muuzaji ameshafungua kopo, anahesabu vidonge vya njano, anavitia kwenye kibahasha na kuandika 1x3. Anachosema ni kimoja tu: "Zitakulaza kidogo." Karatasi ya maelezo utaiona wapi, wakati vidonge vinachotwa kutoka kwenye kopo?

Nimezimeza msimu mzima. Hamu ya tendo la ndoa ikakatika. Jioni mwili mzito, mume akinigusa nawaza mto tu. Nikijitahidi, ukavu mtupu na maumivu, wanawake wenzangu mnanielewa. Nyumbani ikawa kesi: mara nina mtu nje, mara nimemchoka. (Ya mama mkwe siyaandiki, nitapigwa ban.)

Nikaenda zahanati. Daktari akaniuliza kama nina mawazo, akaniandikia vitamini. Dawa ninazomeza hakuuliza!

Aliyeuliza ni mfamasia, tena nilikuwa nimeenda kumnunulia mtoto dawa ya kikohozi. Akaniambia piritoni, yaani klofeniramini, ni antihistamini za zamani. Zinaingia hadi kwenye ubongo na kuzuia histamini, ambayo ndiyo inayotuweka macho, kwa hiyo usingizi na uchovu haviepukiki kwa wengi wetu. Halafu zinazuia asetilikolini, kemikali inayoziambia tezi zitoe majimaji. Ndiyo maana makamasi yanakauka. Sasa kumbe dawa haichagui pua peke yake: mdomo unakauka, macho yanakauka, na huko chini pia. Hayatokei kwa kila mtu, lakini yanajulikana. Sasa kama yanajulikana, mimi nilifichwa kwa nini? Ndoa yangu ilikuwa inaungua kwa kidonge cha mafua!

Na nyie wanaume msicheke. Dawa hizohizo zinaweza kuwaletea shida ya kusimamisha. Ila mwanaume akiona hivyo haulizwi anameza nini, anapelekwa kwenye mkuyati na yale matangazo ya nguvu za kiume yaliyobandikwa kila nguzo ya umeme. Kwa mwanamke hata tangazo hakuna, yeye anaitwa baridi, basi.

Nimebadilishiwa loratadini. Hizi mpya haziingii sana kwenye ubongo wala hazikaushi kama zile, ingawa jirani yangu anameza setirizini, nayo ni ya hizo mpya, na bado anasinzia. Mimi nimerudi kuwa mtu, taratibu. Chafya zipo, ila zinavumilika.

Ninachodai ni kidogo. Ukishaandika 1x3, ongeza mdomoni sentensi moja: "Ukiona ukavu au hamu imepungua, rudi tukubadilishie." Inagharimu nini? Mkishindwa, sisi wenyewe tupeleke taarifa TMDA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, wanapokea habari za madhara ya dawa hata kwa mwananchi wa kawaida. Mimi yangu naiandaa.

Aliyepitia haya aseme hapa, na ataje alikuwa anatumia dawa gani. Wenye mizizi ya kuniuzia, PM yangu imefungwa.