Naomba ushauri: watu wanajiandikisha kwa wingi, siku ya kura wanabaki nyumbani. Tufanye nini?

Mama_wa_Katuba
Wandugu, jambo yenu. Kikundi chetu cha vijana hapa komini ya Katuba (komini ni sehemu ya mji), Lubumbashi, Kongo, kina watu 40 wa kujitolea. Hatuna chama wala mgombea. Tunataka uchaguzi wa 2028 ukifika watu wa avenyu zetu watoke. Tulikuwa tumepanga gari la kipaza sauti, mabango na tishati, lakini makuta (pesa) hayatoshi vyote. Kwa wanaojua mambo haya: ni nini hasa kinamtoa mtu nyumbani, na ni nini kinamkalisha?

Papa_Hesabu
Mama, gari la kipaza sauti liache kwanza. Tazama namba za tume ya uchaguzi, CENI. Raundi ya kwanza ya 2006 walipiga karibu 70 kwa mia ya walioandikishwa. 2011 karibu 59, 2018 karibu 48, 2023 karibu 43. Wengi wanasoma hapo uchovu tu, na uchovu upo. Lakini kwetu karte ya mchaguzi, yaani kadi ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho. Laini ya simu ni hiyo karte, benki ni hiyo karte, askari akikusimamisha njiani anataka hiyo karte. Kwa hiyo kwenye foleni ya kujiandikisha kuna watu waliokuja kutafuta karatasi, si kura. Hao hawajakata tamaa, maana nia yenyewe hawakuwa nayo.

(Na tusiwasahau Masisi, Rutshuru na Kwamouth: 2023 kule hakuna aliyebaki nyumbani kwa kupenda. Kura haikufika kwa sababu ya vita.)

Mlangoni usiulize "Ulipiga kura?" Atakuambia ndiyo, ni aibu kusema hapana. Uliza "Mara ya mwisho ulipigia shule gani?" Aliyepiga anajibu papo hapo. Asiyepiga anatazama pembeni. Kwenye daftari weka alama mbili tu: aliyewahi kisha akaacha, na asiyewahi. Wa kwanza ana kinyongo, msikilize. Wa pili anataka safari iwe nyepesi.

Shahidi_wa_Biro
Naongeza habari ya siku yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapotea wakiwa tayari wameshatoka nyumbani.

Biro ya kura, yaani kituo, inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, inafungwa saa kumi na moja jioni. Ni muda wa saa 11. Mtu mmoja akimaliza dakika 2 kwenye mashine ya kura, mashine moja inapitisha watu 330. Akichukua dakika 3, wanabaki 220. Biro ikichelewa kufunguliwa kwa muda wa saa 4, kwa mwendo wa dakika 2 mmeshapoteza watu 120. Tarehe 20 Desemba 2023 biro nyingi zilichelewa hivyo, mpaka CENI ikaruhusu kura iendelee kesho yake. Sasa mama anayeuza mboga atasimama mpaka saa ngapi? Siku isiyouzwa ni jioni bila bukari (ugali). Na Desemba kwetu ni mvua.

Kwa hiyo fundisheni haya:
– Aliye kwenye foleni saa ya kufunga ana haki ya kupiga. Wengi hawajui, wanarudi nyumbani saa kumi.
– Atafute jina kwenye orodha zikibandikwa, asingoje asubuhi ya kura. Unapiga pale ulipoandikishwa. Aliyehama kutoka komini yetu ya Kenya kwenda komini ya Ruashi anaumia hapo.
– Karte nyingi za 2023 maandishi yamefifia. Aiweke mbali na jua, na kama haisomeki aulizie duplikata (nakala ya pili) mapema.
– Akariri namba ya mgombea wake. 2023 tulichagua ngazi nne kwenye mashine, na nyuso za wagombea udeputé (ubunge) zilikuwa kurasa na kurasa. Mzee asiyejua namba anapekua mpaka anachoka, na foleni inachoka naye.

Yaya_Ruashi
Kuhusu kushawishi, kuna majaribio yaliyopimwa vizuri, ingawa ni ya Marekani. New Haven mwaka 1998, waliogongewa mlango na mtu wa kuzungumza naye walijitokeza zaidi kuliko waliopata barua, na simu hazikusaidia. Pennsylvania mwaka 2008 wapiga simu waliuliza mambo matatu: utaenda saa ngapi, utatokea wapi, kabla ya hapo utakuwa unafanya nini. Kwa nyumba zenye mchaguzi mmoja maswali hayo yaliongeza wapiga kura wazi kabisa. Michigan mwaka 2006 walituma barua zinazoonyesha jirani gani alipiga na nani hakupiga: kutoka 29.7 kwa mia hadi 37.8. Hiyo ya Michigan msiiguse. Hapa siasa inavunja hata nyumba za ndugu. Ukipita na orodha ya majina, watauliza nani amekutuma.

Hesabu yenu: watu 40 ni timu 20. Dakika 10 kila nyumba pamoja na kutembea, saa 3, ni nyumba 18. Toa zilizofungwa, sema 12. Jumamosi moja ni nyumba 240, Jumamosi sita ni 1,440. Mwambieni chefu wa avenyu kwanza. Msivae rangi ya chama chochote.

Kijana_Kampemba
Samahani wakubwa, ila mnaongea kama shida ni foleni tu. Gavana na maseneta wanachaguliwa na madeputé wa jimbo, si na sisi. Mtu akibaki kwake, hilo nalo ni jibu.

Papa_Hesabu
Ni jibu, mwanangu, na msimbishie mlangoni. Ila mwambieni habari ya washauri wa komini. 2023 walichaguliwa kwa mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Kwenye komini kura chache zinageuza kiti, tofauti na urais. Atakayecheka, mwacheni acheke, nendeni nyumba inayofuata.

Mama_wa_Katuba
Aksanti sana. Tishati tumezifuta. Maswali yetu: saa ngapi, utatokea wapi, utaenda na nani. Inafaa?

Yaya_Ruashi
Inafaa, mama. Kwa wamama ongezeni moja: nani atabaki na watoto, na nani atalinda meza sokoni? Hapo hapo mlangoni amtaje kwa jina, na akiwa karibu aitwe aitike.