Picha tatu, shuka moja: niwawekee ipi wazee wa Ujiji?

Mjukuu wa Baharia (Ujiji)
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hii nimeazima projekta, shuka jeupe lipo, na uani kwetu wanakaa watu ishirini bila kubanana. Mgeni rasmi ni babu. Ana miaka themanini na ushee, alikuwa baharia kwenye Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, mpaka magoti yalipomgomea, na anadai tangu enzi za gari la sinema hajaona tena picha kubwa. Wiki nzima nimekesha na muvi nikimtafutia ya kumfaa. Nimebaki na tatu, na zinagombana kichwani.

Ya kwanza ni Jane ya 2017, ya Brett Morgen. Inamhusu Jane Goodall na sokwe wetu wa Gombe. Sehemu kubwa ya picha alizipiga Hugo van Lawick miaka ya 1960, halafu zikalala stoo watu wakidhani zimepotea, hadi zilipopatikana 2014, zaidi ya saa 100. Rangi yake, wakuu! Ziwa nililitambua kabla hata halijatajwa. Kuna mahali mlima unashuka moja kwa moja majini, nikajisemea hapa mbona nimepita kwa boti na gunia la dagaa. Ila ni Kiingereza mwanzo mwisho, na muziki wake haupumui.

Ya pili The African Queen, 1951, ya John Huston, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa ndani. Ni mwaka 1914, mlevi mwenye kiboti chakavu na dada wa misheni wanateremka mto wakaizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Kwenye muvi meli wameipa jina lingine, lakini mtu wa Kigoma hadanganyiki, ni Liemba ile. Nimecheka peke yangu usiku wa manane. Ile sehemu ya ruba nilijikuna miguu yote miwili.

Ya tatu Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021. Zanzibar ya miaka ya 1950, wakoloni, siasa za kunong'ona, mapenzi ya kuibia. Kiswahili kimenyooka, na mtu hasemi neno ambalo angeweza kulimaliza kwa jicho. Mimi hii ndiyo nimeipenda kuliko zote, siwafichi. Lakini ziwa hamna, meli yetu hamna, na babu si mtu wa kusubiri mtu amalize kuvuta sigara dirishani.

Projekta ni ya usiku mmoja, na umeme wa mtaani kwetu mnaujua. Nisaidieni.

Fundi Flashi (Mwanga)
Hapo hamna hata kura. African Queen. Mimi kazi yangu ni kujaza watu muvi kwenye flashi, mwaka wa saba huu, na hakuna aliyewahi kuniuliza dairekta ni nani. Wanauliza, "Steringi anakufa?" Humu steringi ana kamba shingoni, anasubiri kunyongwa, na anaomba afungishwe ndoa kwanza! Anafungishwa kweli, na nahodha wa adui. Dakika hiyohiyo meli inalipuka. Unataka nini tena?

Bi Mdogo wa Gungu
Fundi, wengine tulikuwa hatujaiona.

Fundi Flashi (Mwanga)
Samahani dada. Ina miaka zaidi ya sabini lakini.

Reli ya Kati (Tabora)
Watani wa mwisho wa reli, salaam. Muvi yenyewe sina ugomvi nayo, Bogart alipatia Oscar yake pekee humo. Ila mkimwekea mzee anayelijua ziwa, jiandaeni kwa maswali. Mto wanaoteremka unaitwa Ulanga. Ulanga ninaoujua mimi uko Morogoro, unaingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Teremka nao kwa boti uone kama hutaibukia upande wa Mafia. Na picha za nje walizipiga Kongo na Uganda, nyingine studio Uingereza. Kigoma hawakukanyaga.

Habari ya kweli ni tamu kuliko hiyo. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Wakaifungua vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar, halafu treni. Maana yake ilipita Tabora kwanza, ikiwa kwenye masanduku, kabla ninyi hamjaiona! Waingereza nao wakaleta viboti viwili vya vita, kimoja jina lake "Mimi" na kingine "Toutou", kutoka kwao hadi Cape Town, kisha nchi kavu kupitia Kongo, vikivutwa porini. Vikaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Lakini hiyo kubwa hakuna steringi aliyeizamisha. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, na mitambo waliipaka grisi kwanza isile kutu. Mtu anayeiaga meli moja kwa moja haipaki grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba.

Hiyo ndiyo picha ningelipia kiingilio. Bado haijatengenezwa.

Mjukuu wa Baharia (Ujiji)
Mtani, hilo la masanduku kupita Tabora babu asilisikie, hatalala.

Bi Mdogo wa Gungu
Mimi natetea Jane, na msinikatishe. Niliiangalia ile wiki alipofariki mama Goodall, Oktoba 2025, na nilikuwa nimejiandaa kuona wanyama tu. Kumbe ni picha ya mama na mtoto. Binti wa miaka 26 anafika Gombe Julai 1960 na mama yake mzazi, kwa sababu wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae peke yake. Nikamkumbuka mama alivyonisindikiza bweni na godoro kichwani. Halafu yule sokwe Flo na mwanawe Flint. Flo alikufa 1972, Flint akakataa kula, wiki chache naye akamfuata. Nilizima simu nikaenda kukaa nje.

Kinachonikera ni kwamba anayesimulia ni yeye tu. Watu wa kando ya ziwa wanapita pembeni kama miti. Wakati kina Hilali Matama walitembea na sokwe hao milimani mwaka baada ya mwaka, wakiandika kila kitu. Hata dakika tano za sauti zao zingetosha. Kwa hiyo babu ataliona ziwa lake, lakini atangoja mtu wa kwao aseme neno, na neno halitakuja. Bado naichagua.

Mwalimu wa Zamu (Kasulu)
Nashangaa ile aliyoipenda mwenye uzi inaachwa nyuma kwa sababu haina meli. Vuta N'Kuvute ndiyo pekee kati ya tatu ambayo babu ataielewa bila mtu kumnong'oneza. Tuliosoma riwaya ya Shafi Adam Shafi ilikotoka tulikuwa na Denge wetu, yule mhusika, kichwani, na mimi nilikwenda nikiwa na kisu mkononi. Nilikiweka chini alipotokea Mwajuma, Siti Amina anayemwigiza ni mwimba taarabu kwelikweli na inaonekana. Ndiyo, wamekata mengi ya kitabuni. Wameacha joto lake.

Tahadhari moja: kuna mateso ya polisi na kuna chumbani. Kama uani kutakuwa na wajukuu wa darasa la tatu na babu mbele yao, utajikuta umesimama mbele ya projekta unakohoa.

Mama Migebuka
Samahani, kutakuwa na chakula? Mimi nakuja kwa yoyote.

Mzee wa Kibirizi
Vijana, mnabishania picha wakati shida ni mdomo. Sisi tumekulia kibanda umiza. Nani alikuwa anajua Kichina? Nani alijua Kihindi? Tulikuwa tunaweka kanda aliyoitafsiri Lufufu, yule bingwa wa kuingiza Kiswahili kwenye muvi, na watu wanalia, wanacheka, wengine wanasimama kumtukana adui. Nusu ya maneno alikuwa anatunga, na tulijua anatunga. Mweke mtu mwenye mdomo pembeni ya shuka, punguza sauti, hata hiyo ya sokwe itakwenda.

Fundi Flashi (Mwanga)
Nipo. Soda mbili na nauli ya bodaboda kurudi Mwanga.

Mwalimu wa Zamu (Kasulu)
Ndugu zangu, Bogart wa Mwanga huyo. Nitasikitika kulikosa hilo.

Mjukuu wa Baharia (Ujiji), Jumapili
Mrejesho, wakuu. Niliweka African Queen, Fundi akatafsiri. Watu walifika thelathini na mbili, nimehesabu viatu.

Fundi alianza vizuri. Dada wa misheni alimfanya Muha wa Kasulu, sijui kwa nini, na ikakaa. Babu alikuwa kimya, mikono juu ya fimbo, mpaka pale Bogart anapoipiga teke injini kwa sababu bisibisi ilidumbukia kwenye vali ya usalama na hana hamu ya kuitoa. Akacheka hadi akashikwa na kikohozi. Akasema, "Huyo namfahamu." Yeye alianza kazi Liemba ikiwa bado ya mvuke, kabla haijafungwa dizeli miaka ya 1970, na anadai kulikuwa na bomba moja lililofanya kazi kwa teke tu, na teke lenyewe liwe la mtu mmoja. Kuanzia hapo Fundi alikuwa anatafsiri sentensi moja, babu anasahihisha tatu. Kwenye maporomoko alisema boti lile lingeshapasuka. Kwenye ruba wanawake waliondoka kwenda kuangalia ugali.

Wamefika kwenye matete, boti limekwama, mvua inaanza kunyesha kwenye picha, umeme ukakatika. Giza tupu. Watoto wakapiga kelele wanataka mwisho. Babu akauliza, "Wataizamisha?" Nikasema ndiyo. Akaguna. Akaanza kuwaeleza ya Malagarasi, grisi na yote, kisha usiku wa Kipili, mitumbwi ikiifuata meli na taa za karabai, abiria wakishushwa na mbuzi wao mikononi. Hadithi ilimpeleka mpaka Mpulungu, Zambia, akarudi. Umeme uliporudi ilikuwa saa sita kasoro, na hakuna aliyeomba niwashe.

Reli ya Kati, lile la masanduku nilimwambia. Amesema masanduku si meli.

Mwenye projekta amekubali kuniachia Jumamosi moja zaidi. Bi Mdogo, njoo na Jane yako kwenye flashi, yangu inaganda dakika ya arobaini. Mwalimu, yako tutaiangalia sisi watu wazima watoto wakishalala. Na Fundi aambiwe mapema kwamba kwenye sokwe hatafsiri mtu. Babu ameshasema kiti cha pembeni ya shuka ni chake.