Friji ya gari-nyumba inapoa kwa umeme wa ukutani tu, kwa gesi na kwa betri inagoma

Mnunuzi_Asali

Mwangaluka wakuu. Mimi ni mnunuzi wa asali, nipo Tabora mjini, Isevya. Nazunguka Sikonge, Ipole, Ulyankulu na Kaliua kufuata asali kwa warinaji. Huko vijijini gesti ni za kubahatisha, ndiyo maana nilinunua gari-nyumba lililotumika kwa mzungu aliyekuwa anamalizia safari yake hapa nchini. Limejengwa juu ya Fiat Ducato, usukani kushoto, ndani kuna kitanda, jiko, sinki, choo kidogo na friji. Gari lenyewe sina neno nalo. Friji ndiyo inanitoa jasho.

Inatumia vyanzo vitatu: umeme wa volti 230, betri ya volti 12, na gesi ya kupikia. Nyumbani nikiichomeka ukutani usiku, asubuhi nakuta maji yameganda. Nikiwa porini nikaiweka kwenye gesi, inawaka kwa shida, moto wenyewe wa njano, na mara nyingine nikiachia kitufe unazima. Hata ukikubali kuwaka kutwa nzima, jioni soda ni za uvuguvugu. Nikiwa barabarani naiweka kwenye betri huku injini inaunguruma, lakini samaki wangu, migebuka niliyonunua Kibirizi kule Kigoma, nikifika nayo Kaliua imeshaanza kutoa harufu.

Mtungi wa Ulaya uliokuja na gari haujazwi huku, kwa hiyo nimefungiwa mtungi wetu wa kilo 15 na regulata ya sokoni.

Fundi friji mmoja wa hapa mjini amesema gesi ya ndani imevuja, anataka akate bomba, aweke valvu, ajaze upya. Bei yake si mbaya. Kabla sijamwachia nimeona niulize.

Halafu kuna pampu ya maji, usiku inashtuka yenyewe na bomba zote zimefungwa. Hilo si la haraka.

Chuma_Chakavu

Mkuu ng'oa hiyo kitu. Weka friji ya kompresa ya volti 12 na sola juu ya paa, maisha yaendelee. Friji inayowashwa moto ni mambo ya babu zetu.

FundiBaridi_Ujiji

Mnunuzi, huyo fundi mpe asante yake na nauli, aende. Asiguse bomba hata moja la nyuma ya hiyo friji.

Nimezitengeneza friji za namna hii tangu zile za mafuta ya taa zilizokuwa zinatunza chanjo kwenye vituo vya afya na misheni. Nyingi ya hizo zilikuwa na utambi na tangi chini, za kwako zina nozo (kitundu cha kutolea gesi) na hita, lakini tumbo ni lile lile. Hazina kompresa. Hazina gesi ya kujazwa kwa mtungi kama friji ya dukani. Ndani kuna amonia, maji na haidrojeni, vimefungiwa kiwandani kwa shinikizo kubwa, na bomba limechomelewa moja kwa moja. Akikata, amonia itamrukia machoni na kifuani, na haidrojeni hiyo ikikutana na cheche ya kuchomelea sitaki kuwaza. Akimaliza atakujazia gesi ya kompresa kwenye chombo kisicho na kompresa. Utakuwa umelipa ili friji nzima ife.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe: kwa umeme wa ukutani maji yanaganda. Vyanzo vyote vitatu vinachemsha chungu kile kile. Umeme, betri na moto kazi yao ni moja tu, kukitia joto. Joto linaitoa amonia kwenye maji, inapanda, inapoa na kuwa kimiminika kwenye mapezi ya juu (vile vibati vyembamba vya kupoozea), inashuka ndani ya friji, inakutana na haidrojeni, inageuka mvuke na kubeba joto la vyakula vyako, kisha inanyonywa tena na maji na kurudi chini. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni mtambo huu mwaka 1922, na hadi leo hakuna kinachozunguka humo ndani. Kama chungu kimepata joto la ukutani na friji ikagandisha, mtambo ni mzima. Ugonjwa uko kwenye joto la gesi na joto la betri, na yawezekana ni magonjwa mawili tofauti.

Nianze na gesi.

Moto wa njano maana yake kichomeo hakipati hewa ya kutosha, au njia imeziba. Funga mtungi, fungua lile dirisha la vipande la chini upande wa nje wa gari, utaona kichomeo chenyewe, kidogo kama kidole. Tafuta utando wa buibui na udongo wa nyigu. Gari lililokaa bila kuwashwa, dondora anajenga humo bila kuomba ruhusa. Fungua nozo, iloweke kwenye spiriti, ipulize. Usiingize sindano wala waya. Tundu lake huwezi kuliona vizuri kwa macho, ukilitanua kidogo tu moto utakuwa mkubwa na wa masizi milele. Juu ya kichomeo kuna bomba la moshi, na ndani yake kinaning'inia kipande cha bati kilichosokotwa. Kitoe, sugua bomba kwa brashi ndefu, kirudishe kwenye urefu ule ule uliokikuta, maana ndicho kinacholizuia joto lisikimbie. Masizi yote yatadondokea kichomeo, kwa hiyo anza na bomba, kichomeo kimalizie.

Moto kuzima ukiachia kitufe ni jambo jingine. Kuna kijiti cha shaba ambacho ncha yake inakaa ndani ya moto. Kikipata joto kinatoa umeme kidogo mno, milivolti chache tu, unaotosha kuishika sumaku ya valvu isifunge. Ncha ikiwa na masizi, au moto wa njano unayumba hauigusi, au nati yake nyuma ya valvu imelegea kwa mitikisiko ya barabara, sumaku inaachia na gesi inakatwa. Hicho ni kinga yako, asije mtu akakuambia aikaze valvu ibaki wazi moja kwa moja.

Regulata: friji za Ulaya nyingi zinataka milibari 30, imeandikwa kwenye kibao kilichobandikwa ndani ya friji. Isome. Kisha isome regulata yako. Kama haina maandishi, itupe. Zile za presha kubwa za majiko ya hotelini hazifai hapa hata siku moja.

Tabora mpo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, sisi huku ziwani kama 770. Vitabu vya friji hizi vinaonya kwamba kuanzia kama mita 1,000 kuwasha kwa gesi kunaweza kusumbua. Kwa hiyo kwenu hata kichomeo safi kinaweza kutaka kubembelezwa mara mbili tatu. Lakini njano ya kutwa nzima usiisingizie mwinuko.

Kingine ambacho watu wa porini mnakidharau: gari likae sawa. Ukiegesha kwenye mteremko chini ya mwembe, kimiminika kinatuama kwenye bomba badala ya kurudi, chungu kinaungua kikavu. Ukifanya hivyo mara nyingi, mtambo unaziba na hautibiki. Weka pima maji juu ya rafu ya friji. Nyuzi tatu kwa upande ni kama sentimita 5 kwa kila mita, usivuke hapo. Ukiwa unaendesha usijali, gari linayumba huku na huku, kimiminika kinarudi chenyewe.

Betri: washa injini, weka friji kwenye 12, pima volti pale pale nyaya zinapoingia kwenye friji, si kwenye betri. Niletee namba.

Mnunuzi_Asali

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, fundi nimemwahirisha.

Kichomeo: kulikuwa na udongo wa nyigu kama nusu ya kiberiti, mgumu kama tofali. Bomba la moshi limetoa masizi ya kujaza kikombe. Moto sasa ni wa bluu, unanguruma kidogo, na haujazima tena. Regulata haikuwa na maandishi kabisa, nimenunua nyingine yenye 30 ubavuni.

Betri: kwenye betri ya injini napata 13.9, kwenye friji napata 10.4. Nina wasiwasi na mita yangu lakini nimerudia.

Swali: lile dirisha la nje nilikuwa nimeliziba kwa kitambaa kuzuia vumbi la njia ya Ipole. Nikirudishe?

FundiBaridi_Ujiji

Marahaba kijana.

Kitambaa barabarani sawa, kama friji yote imezimwa. Ukiiwasha, iwe kwa betri au kwa moto, kitoke. Hewa inaingia chini, inapita kwenye mapezi, inatoka juu. Ukiziba, joto linabaki mgongoni mwa friji na hewa ya moto huo inakuwa sumu isiyo na harufu, na wewe umelala mita moja kutoka hapo. Sawa na yale matundu ya sakafuni kwenye kabati la mtungi. Najua mnayaziba kwa ajili ya siafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka, na matundu yale ndiyo mlango wake wa kutokea. Weka wavu wa chuma, usiweke tambara. Na viungo vyote ulivyofungua vipake povu la sabuni ukiwa umefungulia mtungi. Kiberiti kibaki mfukoni.

Septemba na Oktoba Tabora inachoma. Geuza gari ili upande wa friji usitazame magharibi. Ukipata feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ifunge kwenye dirisha la juu ikitoa hewa nje. Nimeona feni hiyo ikifanya kazi kuliko matengenezo ya maelfu. Na usiingize kreti la soda za moto mchana ukategemea muujiza. Friji hizi zinataka saa nyingi, ipoze tangu jana yake kwa umeme wa nyumbani.

Sasa hiyo 10.4. Volti tatu na nusu zimepotea njiani. Hita ya 12 ikipewa 10.4 inatoa kama robo tatu tu ya joto lake. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye umbali wa mita 5, ukihesabu kwenda na kurudi, kwa ampea 12 unakula chini kidogo ya volti moja. Kwa hiyo waya mwembamba peke yake hauelezi. Kuna kiungo kibovu. Injini ikiwa imewashwa na friji inavuta, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine itembeze: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya rilei (swichi inayowashwa na umeme), baada ya rilei. Pale inaporuka ghafla ndipo mwizi alipo. Fanya hivyo hivyo upande wa ardhi, yaani hasi inayopita kwenye bodi, bodi za magari haya zina kutu chini ya skrubu. Mimi dau langu ni kishikio cha fyuzi, angalia kama plastiki imebadilika rangi. Ukishatibu, vuta waya wa 6 au wa 10, uache kuteseka.

Mama_Safari_Kasulu

Kaka, nikusaidie la pampu mzee apumzike. Pampu hizo zinawashwa na swichi ya presha. Inashtuka usiku kwa sababu presha inashuka, na presha inashuka kwa sababu maji yanatoka mahali. Angalia valvu ya choo kwanza, halafu bomba la sinki. Kama kote ni pakavu, basi valvu ya ndani ya pampu inarudisha maji tangini, mara nyingi ni mchanga. Fungua kichujio kabla ya pampu, ukioshe. Sisi tunaochota maji ya mto tunakiosha kila wiki. Na usiku zima swichi ya pampu, mbona ipo ukutani!

Chuma_Chakavu

Mzee shikamoo. Lakini bado kwa sola naona friji ya kompresa ni bora.

Mnunuzi_Asali

Kishikio cha fyuzi, mzee. Kimeyeyuka upande mmoja, fyuzi yenyewe imekuwa kahawia. Nimebadilisha pamoja na waya wa 6, sasa kwenye friji napata 13.2 injini ikiwaka. Mama, choo ndicho kilikuwa kinadondosha. Ahsanteni.

Je, nikiegesha mchana naweza kuiacha kwenye 12 kwa nguvu ya sola? Nina paneli moja ya wati 100.

FundiBaridi_Ujiji

Hapana. Inavuta kama ampea 14 muda wote, na kwenye 12 nyingi hazina hata kikatio cha joto, zinavuta tu. Betri ya ampea-saa 100 unaifikisha nusu kwa muda usiotimia saa nne, na betri ya asidi ukizoea kuivusha nusu inakufa mapema. Kwenye 12 ni injini ikiwaka tu. Umeegesha, gesi. Unaondoka, funga mtungi wenyewe, na hasa kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Hapo Chuma Chakavu ana haki yake. Friji ya kompresa ya ukubwa huo kwa siku inakula kama ampea-saa 30 hadi 50, paneli mbili zinaibeba. Lakini hatutupi chombo kizima kinachogandisha.

Mama_Safari_Kasulu

Mzee, yangu nyuma kuna unga wa njano kwenye bomba, na ndani kuna harufu inayochoma pua. Nayo ni masizi?

FundiBaridi_Ujiji

Pole mama, hiyo imekufa. Unga wa njano ni dawa ya kuzuia kutu iliyotoka pamoja na amonia. Izime vyanzo vyote, fungua milango, watoto wasilale humo. Unga huo ni sumu: vaa glavu, ufute kwa kitambaa kibichi, usiufagie ukiwa mkavu. Kisha zungumza na Chuma Chakavu kuhusu kompresa.